Masafa Yaliyosemwa Yamelala

Uvumi wenyewe aliuleta fundi cherehani, naye aliuleta kama watu wanavyoleta uvumi siku zote: pini mdomoni, macho kwenye kitambaa, sauti ya mtu asiyejali. Alikuwa amewashonea vizibao vya kung'aa wale watu waliokuja na gari lenye vijiti juu ya paa.

"Wanapima hewa," alisema. "Eti hewa ya mtoni imelala usingizi. Wataigawa kwa watu wa simu."

"Hewa inalala vipi, we mama?"

"Mimi nashona tu. Waulize wao."

Mama Msumari alicheka, akachukua sketi yake iliyoshushwa pindo, akaenda zake. Hajafika hata kwenye kona kicheko kikamkauka. Neno lile likamganda kama kupe. Akipika, analo. Akifua, analo. Akilala ubavu huu linamgeuza ubavu ule. Kwa siku tisa alijiambia ni maneno ya cherehani, na kwa siku tisa tumbo lake lilikataa kuamini.

Alikuwa na sababu. Kazi yake ilikuwa kusikiliza hiyo hewa.

Juu mlimani kulikuwa na bwawa, na chini ya bwawa kulikuwa na mto ambao kwa miezi mingi ya mwaka haukuwa mto, ulikuwa mchanga mtupu na kijito cha kulowesha vifundo vya miguu. Watu walichimba mchanga ule, wakauchekecha, wakaupakia kwenye malori. Mvua ikinyesha kule mlimani, bwawa likijaa, mlinda malango alifungua malango, na maji yalishuka bondeni kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Kabla hajafungua, alitoa habari kwa redio ya upepo. Simu hazikushika kule juu, mlima uliziba. Kandokando ya mto kulikuwa na vibanda vinne vya mabati, na katika kila kibanda redio moja, betri moja, msikilizaji mmoja, na nje kipande cha reli kimening'inizwa na waya pamoja na nondo ya kukipigia. Mama Msumari alikuwa msikilizaji wa kituo cha pili, pale mto unapokata kona. Alisoma mpaka darasa la saba, na kazi ile haikudai zaidi. Ilidai masikio, na kufunga mdomo.

Kufunga mdomo ndiyo ilikuwa sheria kubwa. Aliiweka mkuu wa wasikilizaji, mwanamume mrefu, mkavu, ambaye watu wote walimwita Bwana Kimya. Zamani, kabla hajawa mkuu, wasikilizaji wawili walikuwa wakipiga soga redioni. Mmoja alikuwa akisimulia jinsi mbuzi alivyokula shati la harusi la shemeji yake, hadithi ndefu, tamu, na kidole chake hakikutoka kwenye kitufe. Redio ile anapozungumza mmoja, mwingine hawezi kupita. Mlinda malango alikuwa akisema maji yanakuja, na hewa imejaa mbuzi na shati. Walizikwa watu sita. Mmoja wao alikuwa mke wa Bwana Kimya, aliyekuwa ameshuka kufua.

Tangu siku hiyo ikawa hivi. Asubuhi kila msikilizaji, na mlinda malango pia, anabonyeza kitufe mara mbili, tk-tk, bila neno, kuonyesha yuko kazini. Baada ya hapo, kimya mpaka kesho. Maji yakija, mlinda malango anasema mara tatu, "Maji, maji, maji," kisha ananyamaza, anahesabu dakika kumi, anafungua. Wewe usimjibu. Unatoka mbio kupiga reli, unahakikisha bonde limebaki tupu, ndipo unarudi kubonyeza. Kwa hiyo mlinda malango asiposikia kitu baada ya onyo lake, alikuwa anatulia. Kimya kile kilimwambia watu wako nje wanapiga reli.

Na bondeni, chini ya kituo cha tatu, ndipo alipokuwa akifanya kazi binti yake.

Jina la Msumari alipewa akiwa na miaka sita kwa sababu mbili: alikuwa mwembamba, na ukimgonga anazidi kuingia. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa kiongozi wa wachekechaji saba, wote wakubwa kwake isipokuwa mmoja. Mama yake alipompa habari za hewa kugawanywa, alikuwa akinawa miguu kwenye beseni nyuma ya nyumba.

"Vizuri," alisema. "Labda simu yangu itaacha kuzungusha kile kiduara. Juzi nilifungua picha ya mtoto wa rafiki yangu, ilipomaliza kufunguka mtoto keshaanza shule."

"Mimi sisemi utani."

"Mama, wewe ukisikia nzi amekohoa unanikatia sanda."

"Acha kazi ya mtoni. Hata mwezi mmoja tu, tuone."

"Nikafanye nini? Nije tusikilize wote redio isiyosema kitu?" Akacheka, kisha akamwona mama yake usoni, akaacha. "Nenda ukaulize ofisini kama roho haitulii. Lakini mimi kesho nashuka."

Akaenda kuuliza. Alivaa ile sketi, akachukua daftari la kituo liwe ushahidi wake, akasubiri kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa sita chini ya feni inayozunguka kwa kulazimishwa. Afisa wa masafa, yaani wa hiyo hewa ya redio na simu, alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, mpole, aliyeanza kwa shikamoo na kumvutia kiti. Mama Msumari alikuwa amejiandaa kugombana. Upole ule ukamnyang'anya silaha.

"Ni kweli, mama. Masafa yenu yako kwenye orodha. Nikueleze vizuri usije ukaambiwa mengine huko nje." Akasogeza kikombe chake pembeni. "Chukua nyumba yenye chumba cha wageni. Mwaka mzima kimefungwa, kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Na sebuleni watoto kumi wamelala wamebanana, huyu mguu wake uko kwenye pua ya yule. Mtandao wa simu ndio hao watoto. Watu wameongezeka, simu zimeongezeka, na hewa ni ileile. Sasa tunasema, hicho chumba kitumike. Mwenyewe akija, watoto wanatoka."

"Sisi hatujatoka. Tumo humo ndani."

"Kipimo kilikaa siku thelathini, mama. Kilisikia mlio wa nusu sekunde kila asubuhi. Mashine ikauweka kwenye fungu la mikwaruzo, pamoja na swichi za taa na pikipiki."

"Hao ndio sisi," alisema Mama Msumari.

Akafungua daftari, akalisukuma mezani kwa kidole kimoja. Afisa akafunua kurasa. Kila siku ilikuwa na tarehe, jina la msikilizaji, na neno moja. Kimya. Kimya. Kimya. Miaka sita, na katika miaka hiyo mistari kumi na mmoja tu iliyosema maji. Afisa akavua miwani.

"Mama yangu. Hili daftari nikilipeleka kwa wakubwa, ndilo watakalolitumia kuwanyima."

"Lakini hiyo ndiyo kazi. Tukinyamaza ndiyo tunafanya kazi."

"Naelewa."

Na alionekana anaelewa kweli, na hilo ndilo lililomvunja moyo Mama Msumari. Mtu asiyeelewa unaweza kumweleza.

Afisa alifanya alichoweza. Aliwaandika kwenye rejista kuwa wenye nyumba, mbele yake, akamsomea alichoandika. Simu zitakuwa wageni. Juu ya tangi la maji la mji kitafungwa kifaa cha kusikiliza. Kikisikia redio ya mtoni inaongea, kitaamuru minara ihame, ihamie hewa nyingine. Kwa sharti moja. Lazima kisikie sauti kwa dakika nzima.

"Dakika nzima ya nini? Yule anasema neno moja mara tatu."

"Vinginevyo kila radi ikipiga watu watakatikiwa simu. Lazima kiwe na hakika." Akainama mbele. "Ushauri wangu, nje ya karatasi: ongeeni. Hata salamu. Kila saa, dakika moja na kitu. Mashine iwazoee. Na siku ya siku, mlinda malango aongee mpaka ajibiwe."

Mama Msumari alirudi na ushauri ule kama mtu aliyebeba mayai. Bwana Kimya alimsikiliza mpaka mwisho, amesimama mlangoni pa kituo cha pili, mikono nyuma. Hakukunja uso. Alipomaliza, akauliza:

"Tuongee nini?"

"Chochote, mkuu. Habari za asubuhi. Hali ya mawingu."

"Na maji yakija wakati unaniambia habari za asubuhi?"

"Ni dakika moja tu kwa saa."

"Yule wa mbuzi naye alikuwa anamalizia." Akatazama mto. "Mimi nilimtoa mke wangu kwenye matope kwa mikono hii, Mama Msumari. Shati lake lilikuwa limejaa mchanga mpaka mikononi. Leo aje mtu wa ofisini aniambie niwarudishie redio wapiga soga, ili mashine ifurahi?"

"Si ifurahi. Itusikie."

"Redio hii si ya mashine. Ni ya maji." Akavaa kofia. "Umefanya vema kwenda. Sasa yaishe."

Lakini hayakuisha, maana wasiwasi haupokei amri. Asubuhi ya pili, baada ya tk-tk yake, Mama Msumari aliangalia mlango, akajikaza, akabonyeza kitufe na kusema, "Hapa kituo cha pili." Halafu akakwama. Miaka sita alikuwa na redio ile na hajawahi kuipa sentensi. Alitazama huku na huku akitafuta cha kusema, akasema mawingu hakuna, kijito kiko palepale, goti la kushoto linauma. Akahesabu kwenye saa ya ukutani mpaka dakika ikapita, akaachia. Akaangalia mlango tena, kama ameiba.

Saa iliyofuata akafanya tena. Siku ya tatu, alipoachia kitufe, redio ikanguruma. Ilikuwa kituo cha nne, mzee mmoja mvivu aliyejulikana kwa kulala ameketi.

"Mama Msumari, na goti la kulia je? Tusiliache nyuma."

Kituo cha tatu kikaingia: "La kulia limeolewa, halipo." Na kicheko kikajaa kibanda, kicheko cha watu walioishi miaka kando ya mto mmoja bila kusikiana sauti. Mama Msumari alicheka mpaka akapangusa macho. Kwa muda mfupi alidhani jambo linawezekana. Akamwambia hata binti yake jioni, na Msumari akasema, "Kumbe mna maneno. Mngeniambia ningekuja kusikiliza."

Siku ya nne Bwana Kimya alifika kwa baiskeli, jasho linamtiririka. Hakupandisha sauti. Alichomoa kipaza sauti kwenye redio, akakizungushia waya wake polepole, akakiweka mfukoni.

"Unataka nizike mara ya pili?"

"Nataka nisizike mimi," alisema Mama Msumari.

"Basi utafagia. Kusikiliza nitasikiliza mwenyewe."

Hivyo ndivyo Mama Msumari alivyobaki palepale kituoni na ufagio na ndoo, na Bwana Kimya akakalia kiti chake. Wengine wakanyamaza bila kuambiwa. Alirudi ofisini mara moja zaidi. Afisa mwenye miwani alikuwa amehamishwa. Mahali pake palikuwa na dirisha la kioo na karatasi iliyobandikwa, kwamba malalamiko yote yatumwe kwa mtandao. Alisimama pale na daftari lake kwapani mpaka mlinzi akamuuliza amepoteza nini.

Mtandao mpya ulikuja baada ya miezi minne, na tusidanganyane, ulikuwa mzuri. Muuguzi wa zahanati alimwonyesha daktari wa mbali jeraha la mtoto kwenye kioo cha simu na wakaelewana. Fundi cherehani akaanza kutazama mishono ya nchi nyingine huku akishona. Wanafunzi walisoma kwa simu za mama zao. Msumari alimpigia mama yake kwa picha kutoka bondeni, akamwonyesha chekecheke, malori, meno yake mwenyewe kwa karibu.

"Umeona? Hata kamasi unaiona. Na wewe ulikuwa unauzuia."

"Nimeona."

"Cheka basi."

Akacheka. Moyoni alikuwa anasikiliza kitu kingine. Tangu siku ile minara iwashwe, redio ya kituo ilikuwa na mlio. Si mkubwa. Kama mafuta yanayokaangwa nyumba ya pili. Alimwambia Bwana Kimya, naye alikuwa ameshausikia, na ulikuwa unamkera kuliko mtu yeyote, mtu ambaye aliishi kwa kimya kama wengine wanavyoishi kwa chakula. Siku ya tatu alipata dawa yake. Redio ile ina kitufe cha kuzungusha, cha kuzuia mikwaruzo: ukikizungusha kidogo, sauti dhaifu hazipiti, ukikizungusha sana, hapiti ila anayepiga kelele. Bwana Kimya akazungusha mpaka mlio ukakatika. Akavipitia na vituo vingine kwa baiskeli, akavizungusha vyote.

"Umekibana mno," alisema Mama Msumari, ameegemea ufagio.

"Nimeua mbu."

"Na sauti ya malango je? Inatoka mbali, inafika imechoka."

"Asubuhi nilisikia tk-tk zote tatu za wenzetu."

"Za vituo, ambavyo viko karibu. Za malango ulizisikia?"

Akafikiri. Ni haki yake isemwe kwamba alifikiri. "Nadhani nilizisikia," alisema. Na kwenye daftari akaandika, kwa mwandiko wake mzuri uliosimama wima, Kimya.

Mama Msumari akamlilia bintiye tena, jioni ile na nyingine nyingi. Alimwomba, akamnunia, akamtishia kuacha kula. Msumari alisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua kwenye bati. Mara ya mwisho alimkalisha kitandani, akamshika mabega.

"Mama, nimekusikia. Lakini wale saba wananitegemea mimi. Nikiondoka anapewa uongozi yule ndevu anayewapigia kelele. Kuna reli. Kuna redio. Kuna wewe pale kwenye kona na macho yako hayo. Nina walinzi wangapi tena?"

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Watu walisema baadaye kwamba walishangaa, lakini nani asiyejua kwamba mvua ya mlimani haimwombi ruhusa mtu wa bondeni? Ilikuwa imenyesha kule juu usiku kucha na asubuhi yote. Saa nane na dakika ishirini mchana mlinda malango alisema maji, maji, maji. Alitamka vizuri, kwa sauti ya wastani, kama alivyofundishwa. Akanyamaza. Kule kwake hapakuwa na mlio wowote, mlima uliukinga. Alisikia kimya, akajua wenzake wako nje wanapiga reli. Akahesabu dakika kumi. Akafungua.

Juu ya tangi la maji la mji, kile kifaa kilisikia sauti ya sekunde kumi na moja. Hazikutosha. Kikaziweka kwenye fungu la radi.

Katika kituo cha pili Bwana Kimya alikuwa ameketi mbele ya redio, mgongo umenyooka, mikono magotini, hajasinzia. Hilo Mama Msumari aliliapia mbele za watu: hakusinzia. Taa ndogo ya redio ilikuwa ya kijani. Mama Msumari mwenyewe alikuwa nje anamwaga maji machafu ya ndoo, ndipo alipoona ndege wa mchangani wakiruka wote kwa pamoja kutoka upande wa juu. Akainua macho kwenye kona. Ule mstari wa kahawia ulikuwa unaingia, mwembamba kwanza, ukisukuma povu na vijiti, na nyuma yake mwingine uliokuwa mrefu kuliko mtu.

"Mkuu," alisema. Hata hakupiga kelele.

Bwana Kimya alitoka, akaona. Akaikamata nondo na kuipiga reli, na aliipiga kwa nguvu zake zote, lakini reli ya kituo cha pili ni ya watu wa kituo cha pili. Bondeni kwenye mchanga haifiki, kule kuna injini za malori. Kule ilikuwa kazi ya kituo cha tatu, na kituo cha tatu kilikuwa kimetulia, kitufe chake cha mikwaruzo kimebanwa. Kutoka kona mpaka mchangani, maji yanatumia dakika nne.

Mama Msumari alipiga simu. Iliita mara mbili tu.

"Mama, nina mikono michafu, sema haraka."

"Toka. Maji. Toka sasa hivi."

Hakuuliza. Baada ya utani wote ule, hakuuliza hata neno moja. Mama yake alisikia simu ikigongana na kitu, kisha sauti ya bintiye, ile sauti yake ya kuongozea watu: "Acheni vyote. Pandeni. Wewe, acha koleo, panda." Sauti ilikuwa safi ajabu. Kila kitu kilisikika. Alisikia miguu kwenye changarawe, mtu anayemwita Mungu, mwingine anayemtukana dereva kwamba bado amelala chini ya lori.

"Umetoka?"

"Niko ukingoni. Wote wametoka. Mama, tulia, wote... Bado dereva."

"Mwache aitwe na wengine."

"Hasikii. Sekunde moja."

"Msumari."

"Sekunde moja, mama."

Akamsikia bintiye akishuka tena: changarawe, pumzi, mkono unaogonga bati la lori. "Kaka, amka. Amka, panda juu ya lori, hakuna muda wa kwenda ukingoni. Panda." Halafu nyuma ya sauti yake ukaja ule mvumo, na mtandao mpya haukupoteza hata chembe yake. Ulifika wote sikioni mwa Mama Msumari, mpaka simu ikakata.

Dereva alipanda. Alikutwa juu ya lori maili mbili huko chini, amekumbatia bomba la moshi, mzima. Msumari alipatikana siku ya tatu.

Baada ya hapo walikuja watu wote, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa amefanya alivyotakiwa. Mlinda malango alishuka kutoka mlimani, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Nilisema mara tatu, dada. Mara tatu, kama sheria." Bwana Kimya hakuweza kukaa. Alisimama mlangoni kama siku ile ya kwanza. "Sikusikia kitu," alisema. "Kulikuwa kimya." Alipolisikia neno hilo likimtoka mdomoni akashika nguzo ya mlango, na Mama Msumari akatambua kwamba hana hata mtu wa kumchukia. Kutoka ofisini ilikuja barua yenye mhuri. Ilieleza kwamba wenye haki ya kwanza ya masafa wangehudumiwa bila kuchelewa endapo matumizi yao yangetambulika, na kwamba mfumo ulifanya kazi kama ulivyokusudiwa. Alimpa muuguzi aisome mara mbili, asije akawa ameelewa vibaya kwa sababu ya darasa lake la saba. Alikuwa ameelewa vizuri.

Alidhani basi kitabadilika kitu. Wiki ya tano wachimbaji walirudi bondeni, na yule ndevu akiwa kiongozi. Minara iliendelea kuwaka. Bwana Kimya alijiuzulu, na mkuu mpya aliyekuja alibandika sheria zilezile ukutani kwa karatasi mpya, kwa kuwa hizo ndizo zilizoandikwa na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuandika nyingine. Asubuhi vituo vinabonyeza mara mbili, kisha vinanyamaza. Mama Msumari alipita kituo cha pili akaona kitufe kimezungushwa mpaka mwisho. Mkuu mpya alisema mlio ule unamuumiza kichwa.

Hapo akachukua kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa, akarudia karatasi kumi na nne kwa mkono, akabandika moja kwenye kila kibanda, moja kwa fundi cherehani, moja zahanati, na zilizobaki kwenye malori. Nyingine zimeshachanwa. Ya zahanati ipo, imeanza kufifia. Inasema hivi:

VITU VYA KUEPUKA

Epuka kukaa kimya kwenye redio siku nzima. Kila saa sema jambo, hata la goti.

Epuka kusema mara tatu na kunyamaza. Sema mpaka ujibiwe.

Epuka kudhani kwamba asiyejibu anapiga reli.

Epuka kubana kitufe cha mikwaruzo. Mlio ukikuumiza kichwa, meza dawa.

Epuka kupeleka ofisini daftari lenye neno moja.

Epuka kungoja afisa mpole. Atahamishwa.

Epuka kushuka mchangani mvua ikiwa mlimani, hata kama hapa jua linawaka.

Epuka kulala chini ya lori.

Ukishapanda ukingoni, usirudi.